Mungu ni mwema na anaweza yote, sasa mtoto mchanga anateseka kwa nini? Naomba majibu ya watu waliofikiri

MsomajiTu

Wakuu habari zenu. Nina jambo limenikaa kichwani wiki nzima, naomba tulijadili kwa utulivu.

Naongoza kikundi cha vijana cha kusoma Biblia, wengi wako kwenye miaka ya ishirini, si watoto, wanasoma na wanabishana kweli kweli. Tulikuwa Warumi 8, ule mstari wa 28 ambao kila mtu anaujua kwa kichwa, kwamba katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema. Binti mmoja ambaye huwa haongei sana akasema yeye huo mstari hawezi kuusoma kwa sauti, maana mdogo wake alizaliwa na ugonjwa wa moyo, akaishi miezi michache tu, na karibu yote ilikuwa maumivu. Kijana mwingine akarukia fasta, akasema Mungu alitupa utashi huru ndio maana mateso yapo. Binti akamuuliza taratibu kabisa, mdogo wangu alichagua nini? Watu kimya. Muda ulikuwa umeisha tukasali tukaondoka, ila wiki ijayo tunakutana tena na swali liko palepale.

Najua si swali la leo. Linahesabiwa kuwa la Epikuro, yule mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi miaka kama mia tatu kabla ya Kristo, na aliyetutunzia ni mwandishi Mkristo, Lactantius, karne ya 4 mwanzoni: Mungu anataka kuondoa uovu ila hawezi? Basi hana nguvu. Anaweza ila hataki? Basi si mwema. Anaweza na anataka? Sasa uovu umetoka wapi? Yaani kanisa limekaa na hili swali mezani miaka 1700 na bado kuna watu wanaona ukiliuliza umepoa kiroho.

Ombi langu ni moja, msiniambie kazi ya Mungu haina makosa, hiyo ni ya msibani na tunaijua wote. Nataka kujua Wakristo wamelijibu vipi, makanisa yote, na katika hayo majibu lipi naweza kulisema mbele ya yule binti bila kumuongezea kidonda.

---

Mzee wa Pembeni

Mkuu umeuliza vizuri, na huyo kijana aliyerukia utashi huru usimlaumu sana, alishika silaha sahihi akaielekeza kwa mtu ambaye si wake.

Iko hivi. Mwaka 1955 mwanafalsafa mmoja asiyeamini, J. L. Mackie, aliandika kwamba Mkristo anajipinga mwenyewe, huwezi kusema Mungu ni mwema kabisa, anaweza yote, na uovu upo, lazima moja uliache. Si kwamba ni vigumu kuamini, alisema haiwezekani kimantiki. Na akawahi kuziba mlango wa utashi huru mapema: kama Mungu anaweza kila kitu, kwa nini hakuumba watu walio huru ambao kila mara wanachagua mema kwa hiari yao wenyewe? Mtu akichagua vema leo kwa uhuru, kuna ubaya gani achague vema siku zote?

Aliyemjibu akasikilizwa hata na wasioamini ni Alvin Plantinga, mwanafalsafa Mkristo, miaka ya 70. Jibu lake kwa ufupi (nalifupisha sana wataalamu mnisamehe) ni kwamba kumlazimisha mtu achague kwa hiari ni maneno tu, hayana kitu ndani. Mungu akiwapa watu uhuru wa kweli, basi watachagua nini inabaki kwao, na huenda hakuna ulimwengu hata mmoja wenye watu huru ambao Mungu angeuumba na kuuhakikishia kwamba hakuna atakayekosa. Kwa hiyo hakuna kujipinga. Wanafalsafa wengi wakakubali kwamba ile hoja ya Mackie ya kujipinga haisimami tena.

Lakini angalia Plantinga anadai nini. Hasemi anajua sababu ya Mungu, anasema inatosha kuonyesha kwamba sababu inawezekana kuwepo. Ni jibu la mahakamani, la kumwondolea mtu shtaka, halikuandikwa kwa ajili ya wodi ya watoto. Na kuhusu magonjwa na matetemeko, ambako hakuna mtu aliyechagua, yeye alisema yawezekana ni kazi ya roho waasi, Shetani na jeshi lake, akaegemea wazo la Augustino, yule askofu na mwalimu mkubwa wa kanisa la kale. Kwa mantiki inapita, maana yeye alihitaji tu kitu kinachowezekana. Ila ukiisema mbele ya vijana waliosoma baiolojia shule jiandae kwa maswali.

Augustino mwenyewe alikuwa na kingine kikubwa zaidi. Kabla hajaokoka alikaa na Wamanikeo miaka kama tisa, watu waliofundisha kwamba kuna nguvu mbili, ya nuru na ya giza, zinapigana tangu milele. Alipotoka huko akasema hapana, uovu hauna uwepo wake wenyewe, ni upungufu wa wema palipotakiwa pawe na wema, kama upofu ulivyo kukosekana kwa kuona. Mungu hakuumba kitu kinachoitwa uovu. Hilo linasaidia swali la uovu ulitoka wapi, halisaidii sana swali la kwa nini Mungu hakuuzuia. Ni maswali mawili, watu wanayachanganya kila siku.

---

MamaWawili

Mimi nimepita huko alikopita mama wa huyo binti kwa hiyo nitaongea kama mtu, sio kama profesa.

Watu walikuja kwangu. Mmoja akaniambia tuangalie laana za ukoo, kuna jambo mababu walifanya. Mwingine ananiuliza kwa upole kabisa kama kuna dhambi mimi na mume wangu hatujaitubu. Mwingine akasema Mungu huchuma maua mazuri, nikataka kumuuliza kwani bustani yake imekauka mpaka aje kwangu. Na wote hao walikuwa wameshika Biblia mkononi, wakati Yohana 9 wanafunzi wanauliza swali hilohilo, ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake hata azaliwe kipofu, na Yesu anawajibu huyu hakutenda dhambi wala wazazi wake. Imeandikwa. Luka 13 watu kumi na wanane wanaangukiwa na mnara wa Siloamu wanakufa, Yesu anauliza mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wengine? Siyo. Na Ezekieli 18 sura nzima ni hiyo tu, mwana hatauchukua uovu wa baba yake.

Sasa sijui hawa watu wanasomaga Biblia gani. Najua Kumbukumbu la Torati 28 ipo, utii baraka, uasi laana, na Mithali zimejaa mambo hayo, ila kuna kitabu kizima cha Ayubu kimewekwa humohumo ndani kusema kwamba hiyo kanuni usiigeuze ukaanza kumsomea mtu mgonjwa dhambi zake kutoka kwenye vidonda vyake. Rafiki zake Ayubu hawakuwa wajinga, maneno yao ukiyatoa ukayaweka kwenye mahubiri ya leo watu wataitika amina. Na mwishoni Mungu anawakasirikia wao, sio Ayubu aliyepiga kelele sura thelathini.

Kwa hiyo MsomajiTu jambo la kwanza, kabla ya Plantinga na wenzake, mwambie huyo binti wazi kabisa kwamba mdogo wake hakuadhibiwa na wazazi wake hawakuadhibiwa. Unaweza kuona kama anajua tayari. Hajui. Kuna mtu alishamwambia kitu, nakuhakikishia.

---

Mrifomu

Nakubaliana na mama hapo juu kuhusu Yohana 9, ila nitasema kitu ambacho wengi humu hawatakipenda.

Naona tunakimbilia kumtetea Mungu kwa kumtoa eneo la tukio. Aliruhusu tu, hakupanga, ni Shetani, ni asili. Biblia haina aibu hiyo. Amosi 3:6 inauliza kama mji unaweza kupatwa na hali mbaya asiyeileta Bwana. Isaya 45:7 inasema yeye ndiye afanyaye nuru na giza, suluhu na ubaya. Yusufu anawaambia ndugu zake waliomuuza, ninyi mlinikusudia mabaya bali Mungu aliyakusudia kuwa mema, tendo moja, makusudi mawili, hasemi Mungu alikuja baadaye kuokoteza vipande. Na msalaba wenyewe, Matendo 4, Herode na Pilato walifanya yale ambayo mkono wa Mungu ulikuwa umeyakusudia tangu zamani. Kama tukio ovu kuliko yote lilikuwa ndani ya mpango wake, sioni tukio gani litakuwa nje.

Kalvini, mwalimu mkuu wa sisi Warifomu, aliikataa hiyo lugha ya ruhusa tupu kwa sababu hiyo. Na msidhani ni fundisho la watu wenye mioyo migumu. Katekisimu ya Heidelberg ya 1563, kitabu chetu cha mafundisho ya maswali na majibu, inauliza usimamizi wa Mungu ni nini, inajibu kwamba mvua na ukame, afya na ugonjwa, utajiri na umaskini, havitujii kwa bahati bali kutoka mkono wake wa kibaba. Waliokuwa wakilikariri hilo waliishi na tauni na vita, hawakuwa wameketi kwenye viti vya kuzunguka. Kwao faraja ilikuwa hapo: hakuna maumivu yasiyo na mwenyewe. Ukiniambia mtoto wangu alikufa bure, hakukuwa na maana yoyote, umenisaidia nini?

Mungu si mtenda dhambi, Yakobo 1:13 iko wazi. Namna gani anakusudia bila kuwa mwenye hatia, hapo nakubali ni siri. Ila kila upande una siri yake, msijifanye wa kwenu umenyooka.

---

Nje ya Geti

Ndugu Mrifomu nakuheshimu ila hapa tunaachana njia kabisa.

Umechukua habari ya Yusufu na msalaba, mambo mawili ambayo Mungu mwenyewe ametufunulia kusudi lake, ukayatandaza juu ya kila kitu kilichowahi kutokea. Yusufu alisema hayo mwishoni baada ya miaka mingi na alikuwa anaongea habari zake mwenyewe, hakwenda kumwambia mama wa mtu mwingine.

Agano Jipya lina lugha nyingine ambayo tumeizika. Kifo kinaitwa adui, adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti, 1 Wakorintho 15. Hakiitwi mtumishi wa Mungu. Kwenye mfano wa magugu watumwa wanauliza magugu yametoka wapi, bwana shamba hajibu nilikuwa na mpango, anajibu adui ndiye aliyetenda hivi. Mbele ya kaburi la Lazaro Yesu anaugua rohoni na kulia machozi, na dakika chache baadaye atamfufua, sasa kama kifo kile kilikuwa kizuri kwa sababu ya mpango, analia nini? Kila mgonjwa aliyeletwa kwake alimponya, hajawahi kumwambia hata mmoja rudi nyumbani, huo ugonjwa Baba ameukusudia ukae nao.

Na historia ilishatuchapa kwenye hili. 1710 mwanafalsafa Mjerumani Leibniz aliandika kwamba huu ndio ulimwengu bora kuliko yote ambayo Mungu angeweza kuumba, mabaya ni kivuli kinachofanya picha nzima ipendeze. Halafu tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi watu wako kanisani, Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ikapigwa na tetemeko, bahari ikaja, moto ukafuata. Makanisa yakawaangukia waliokuwa wanasali. Voltaire, mwandishi Mfaransa, hakumwachia Leibniz hata kidogo baada ya hapo, na ukisoma alichoandika anayechekwa si mwenye imani ya kawaida bali ni mtu anayesimama juu ya kifusi akisema yote ni mazuri. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 mjadala uleule ukarudi, na mwanateolojia Mwothodoksi David Bentley Hart akajibu kwamba Mkristo halazimiki kuona maana kwenye maiti za watoto, anaruhusiwa kuchukia kifo kwa chuki kamili, kwa sababu imani yake ni kwamba Mungu amekuja kukishinda, sio kukieleza.

Kwa hiyo unaniuliza kusema alikufa bure kunamsaidia nini mama? Kunamsaidia asimtazame Baba wa mbinguni kama aliyemfanyia hivyo.

---

Mrifomu

Nimekusoma. Ila hujajibu kwa nini aliyeweza kumzuia adui hakumzuia. Umelisogeza swali hatua moja nyuma tu, Mungu wako pia alikuwepo, alikuwa anaangalia, na alikuwa na uwezo. Kuangalia ukiwa na uwezo nako ni uamuzi.

---

Nje ya Geti

Hapo umenishika, sikatai. Wapo waliojaribu kutoka hapo kwa kupunguza uwezo, watu wa teolojia ya mchakato waliomfuata mwanafalsafa Whitehead wanasema Mungu anavuta kwa ushawishi tu, hana nguvu ya kulazimisha. Wengine, wale wa miaka ya 90 wanaosema wakati ujao uko wazi hata kwa Mungu, wanasema alijifunga mwenyewe alipoumba viumbe huru. Mimi siwezi kwenda na wale wa kwanza, Mungu asiyeweza kufufua hanisaidii. Nabaki na adui, na ufufuo, na pengo katikati.

---

Siamini Ila Nasoma

Natoka upande wa pili, niliacha kanisa zamani, ila huu uzi una adabu kwa hiyo naingia.

Mmebishana na Mackie lakini hoja inayowasumbua siku hizi si ile. 1979 mwanafalsafa William Rowe aliileta kwa utaratibu mwingine. Msitu umewaka kwa radi, swala mtoto ameungua vibaya, analala pale siku kadhaa kwa maumivu makali kisha anakufa, hakuna mtu aliyemwona, hakuna aliyejifunza kitu. Rowe hasemi haiwezekani kuwe na sababu, anasema tu, tukitazama mateso yote ya namna hiyo, je kuna uwezekano gani kwamba kila moja, bila kubakiza hata moja, lilikuwa la lazima kwa wema fulani mkubwa? Akaona ni busara kuamini hapana.

Wakristo wanajibu kwamba akili yetu ni ndogo, kushindwa kwetu kuona sababu si ushahidi kwamba haipo. Sawa, ni jibu la maana, Mungu anaongea hivyohivyo na Ayubu sura ya 38, ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi. Lakini lina gharama. Kama sababu za Mungu ziko mbali hivyo mpaka jambo linaloonekana la kutisha huenda ni jema, basi nanyi mnajuaje kwamba ahadi zake si sehemu ya kusudi lingine msiloliona? Jibu hilo linakata kuwili.

Halafu kuna lile la kujenga tabia. John Hick, mwanafalsafa wa dini, 1966, alimrudia Ireneo, askofu wa karne ya 2, akasema binadamu hakuumbwa amekamilika, aliumbwa mchanga ili akue, na bila hatari na hasara hakuna ujasiri wala huruma. Linaingia akilini, kwa mtu mzima aliyefukuzwa kazi. Mtoto wa miezi minne anajengwa tabia gani? Na wapo ambao mateso hayakuwajenga, yaliwavunja. Hick mwenyewe aliona hilo akasema safari inaendelea baada ya kifo mpaka wote wafike, yaani ili jibu lisimame ilibidi aongeze ulimwengu mwingine.

---

Mzee wa Pembeni

Mkuu, umeongeza "ilibidi aongeze" kana kwamba Hick alichomoa maisha baada ya kifo mfukoni. Ni imani iliyokuwepo tangu mwanzo, Mkristo anaruhusiwa kuingia nayo kwenye hesabu. Paulo Warumi 8:18 anapima mateso ya sasa na utukufu ujao, ukimnyang'anya upande mmoja wa mizani bila shaka atashindwa.

Ila pointi ya mtoto nakupa. Marilyn McCord Adams, mwanafalsafa na pia kasisi wa Kianglikana, kitabu chake cha 1999 kilianza hapohapo. Aliwaambia wenzake Wakristo acheni kuongea kuhusu ulimwengu kwa ujumla, eti jumla ya mema inazidi jumla ya mabaya. Kuna mateso ya kutisha kiasi cha kumfanya mtu ajiulize kama maisha yake yalikuwa na thamani ya kuyaishi, na kama Mungu ni mwema basi awe mwema kwa mtu HUYO, sio kwa wastani. Hakutafuta sababu kwa nini Mungu aliruhusu, aliona sababu zozote tunazoziwaza ni ndogo mno. Aliuliza Mungu anaweza kumfanyia nini aliyeteswa, na jibu lake ni kwamba Mungu katika Kristo aliingia mwenyewe kwenye mateso ya kutisha, kwa hiyo hata saa ile mbaya kabisa inaweza kuunganishwa na urafiki wa mtu huyo na Mungu, milele. Kwa mtoto aliyeishi miezi michache naona hilo linakaa kuliko la kujenga tabia.

---

Katekista Mstaafu

Wanangu mmeongea mengi mazuri. Nami niongeze la msalaba kwa sababu limeguswa tu juu juu.

Yohane Paulo II aliandika barua nzima juu ya mateso, Februari 1984, na moyo wake ni Wakolosai 1:24, Paulo anafurahi katika mateso yake kwa ajili ya mwili wa Kristo yaani kanisa. Kwetu Wakatoliki mgonjwa si mtu wa pembeni anayesubiriwa apone ndipo afae, maumivu yake anaweza kuyaunganisha na ya Kristo. Nimewaona wazee wamelala kitandani miaka na wana amani kuliko sisi wenye kutembea. Lakini katika kufundisha kwangu nimeona pia neno hilo likitumika vibaya, mwanamke anapigwa nyumbani anaambiwa beba msalaba wako. Hapana. Msalaba wa Kristo aliubeba mwenyewe kwa hiari. Uovu unaoweza kuzuiliwa huzuiwa kwanza, ndipo tuongee habari za kuvumilia.

Na kwa Waprotestanti nawaonea wivu Moltmann, mwanateolojia Mjerumani. Alikuwa kijana wa miaka 17 pale Hamburg mwaka 1943 jiji linapigwa mabomu, rafiki aliyesimama karibu naye akauawa yeye akabaki. Hakuwa na imani. Akiwa mfungwa wa vita akapewa Biblia, akasoma kilio cha Yesu, Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha, akasema huyu ananielewa. Kitabu chake cha 1972 kinasema Mungu si mtazamaji wa Golgotha, Baba anaumia kwa kumpoteza Mwana. Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyempinga Hitler, alishaandika gerezani Julai 1944 kwamba Mungu anayeteseka ndiye pekee awezaye kusaidia, na Aprili iliyofuata akanyongwa. Mababa wa kale wangeweka tahadhari hapa, walifundisha kwamba uungu hauwezi kuumia, Mwana aliteseka katika ubinadamu wake aliouchukua. Mjadala huo haujaisha na sitaumaliza mimi.

---

Siamini Ila Nasoma

Mzee shikamoo. Swali moja tu kwa heshima, kama ninazama mtoni, mtu akijitosa akazama pamoja nami, nimepata mwenzangu, sijapata mwokozi. Sivyo?

---

Katekista Mstaafu

Marahaba mwanangu. Ni kweli, kama habari inaishia Ijumaa. Ndiyo maana Mababa hawakutaka uungu wenyewe uzame, walitaka abaki mmoja mwenye nguvu ya kuvuta. Angeteseka tu bila kufufuka ningekaa upande wako.

---

MsomajiTu

Wakuu asanteni sana, nimechapa huu uzi wote kwenye karatasi. Naona mnakubaliana kitu kimoja bila kukisema, hakuna aliyetoa sababu ya yule mtoto. Mrifomu anasema sababu ipo ila haijulikani, Nje ya Geti anasema haipo, Mzee anasema tuulize kitu kingine. Nilitegemea kurudi na jibu, sasa sijui Jumamosi nifanye nini. Mama, wewe ungekuwa mimi?

---

MamaWawili

Kwanza usimfanye somo. Mtafute kabla ya Jumamosi, muulize kama anataka hilo jambo liongelewe mbele ya wenzake au hataki, na akisema hataki mnasoma kitu kingine na dunia haitaanguka.

Akikubali, usianze na majibu. Anza na zaburi za kulalamika, ziko nyingi kuliko watu wanavyofikiri, karibu theluthi ya Zaburi zote. Soma ya 88. Nyingi za namna hiyo zinageuka mwishoni zinakuwa sifa, hiyo haigeuki, inaishia gizani halafu basi, na iko kwenye Biblia, watu walikuwa wanaiimba hekaluni. Soma na Habakuki 1, Ee Bwana nilie hata lini wewe usitake kusikia. Mimi miezi ile nilikuwa siwezi kusali kitu kingine, nilidhani nimepoteza imani, mpaka mtu akanionyesha kwamba ninachokisema chumbani kwangu kimeshaandikwa na nabii. Hakuniambia kingine chochote siku hiyo. Kisha waulize vijana, kwa nini Mungu ameacha maneno haya yabaki kwenye kitabu chake? Waache waongee.

Warumi 8:28 usimlazimishe. Mwonyeshe mistari ya juu yake, 22 na 23 na 26, viumbe vyote vinaugua, sisi tunaugua, Roho naye anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Huo wa 28 unakuja baada ya kuugua mara tatu, tunaukata peke yake tunauning'iniza ukutani.

---

Mrifomu

Mama hapo kwenye kuugua mara tatu umenifundisha.

MsomajiTu, jambo moja ambalo binti anaweza kuliuliza kimya kimya: mdogo wake yuko wapi sasa. Usilikwepe likija. Watu wanadhani sisi ndio wakali kuliko wote, lakini Kanuni za Dort za 1619, tamko la imani la Warifomu, zinasema wazazi wacha Mungu wasiwe na shaka juu ya wokovu wa watoto wao aliowachukua Mungu wakiwa wachanga. Wakatoliki nao wana hati ya 2007 ya tume yao ya teolojia inayosema kuna sababu nzito za kuwa na tumaini hata kwa watoto waliokufa bila ubatizo. Na Daudi, 2 Samweli 12, mimi nitakwenda kwake lakini yeye hatanirudia mimi. Mwanzoni nilikuja humu na Amosi 3, ila kwa binti ningeenda na hii.

---

MsomajiTu

Asante ndugu yangu, hilo sikuwa nimelifikiria. Nimeshampigia, amesema anataka tuongee ila anataka yeye ndiye asome hiyo Zaburi 88. Swali la mwisho kwa Mama, na Ayubu je? Sura 42 hatuwezi kuzimaliza kwa saa moja na nusu.

---

MamaWawili

Sura ya 2 kuanzia 11 mpaka mwisho, wale rafiki wanakaa chini naye siku saba hawasemi neno, walikuwa wazuri kweli mpaka hapo. Halafu sura ya 3 yote. Kisha ruka mpaka 38 usome mistari kama ishirini, na 42 mpaka mstari wa 9. Hotuba za Elihu, yule kijana anayejitokeza mwishoni, 32 mpaka 37, mwachie Mzee wa Pembeni.

---

Mzee wa Pembeni

Nimeona hiyo 😂 Ila Elihu ana pointi mbili tatu mama, nitafungua uzi wake.